Baada ya Runinga Kuzimwa

Mwanangu alikuwa na miaka minne alipokuja chumbani kwetu usiku wa manane, akasimama upande wangu wa kitanda, akaniuliza: "Mama, nikikuita utaitika?"

Nikamwambia nitaitika. Akarudi kulala. Haukupita muda akaja tena na swali lile lile. Usiku wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu. Mchana alikuwa mtoto yule yule wa siku zote, ila kila nilipoingia bafuni alikaa nje akigonga mlango taratibu, ili tu nimjibu.

Siku tatu zilipita kabla sijaihusisha hofu hiyo na filamu tuliyoitazama Jumamosi. Ilikuwa katuni ya wanyama, iliyoandikwa kuwa inafaa watu wa rika zote, na nilikuwa nimeikagua mapema kwa uangalifu. Nilitafuta damu, matusi, bunduki, watu wanaobusiana. Sikuona hata kimoja. Kilichonipita ni tukio la dakika mbili hivi, mwanzoni kabisa, ambapo mnyama mdogo anapotezana na mama yake gizani, anaita, anaita tena, na hakuna anayeitika. Mwisho wa filamu wanakutana na wanafurahi. Mimi nilikumbuka ule mwisho. Mwanangu alikuwa bado yuko kule gizani.

Tangu wakati huo nimebadilisha namna ninavyozipima filamu na vipindi vya watoto. Bado ninasoma maelezo na kutazama kidogo kabla yao. Lakini uamuzi wangu wa kweli huja kesho yake, nikiona mtoto anacheza nini, anauliza nini, amelalaje, na anamwambia dada yake maneno gani. Imekuwa hivyo kwa miaka miwili hivi sasa, na nina mengi ya kusema.

Nianze na zile alama za umri, maana wazazi wengi huzishika kama cheti cha daktari. Uingereza imekuwa na bodi ya kukagua filamu tangu 1912. Marekani ilianza mfumo wake wa alama mwaka 1968, na ile alama ya PG-13, inayowatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, ikaja 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba kulikuwa na filamu za mwaka huo zilizopewa alama nyepesi huku zikiwatisha watoto wao kupita kiasi. Hadithi hiyo ya 1984 inasema jambo muhimu: alama zenyewe zimekuwa zikirekebishwa kwa sababu wazazi walikaa na watoto wao, wakaona, wakasema. Kazi ya alama ni kueleza kilichomo, yaani kiasi cha mapigano, lugha chafu, uchi, dawa za kulevya. Kazi hiyo inafanyika vizuri na ninaishukuru. Ila "inafaa rika zote" maana yake ni kwamba hakuna kilichokatazwa ndani yake. Haimaanishi kwamba mtoto wa miaka mitatu ataielewa, wala kwamba mtoto wangu, aliyekuwa ameanza shule mwezi ule na kuachwa mlangoni kila asubuhi, ataweza kuubeba mzigo wa mama asiyeitika.

Hofu ya mtoto mdogo haifuati mantiki yetu. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza kinachowatisha watoto kwenye skrini, na mwenzake Glenn Sparks, waliwaonyesha watoto wa rika mbalimbali kipande cha kipindi cha Hulk, yule mtu mpole anayegeuka kuwa jitu la kijani na kuwaokoa watu. Wakubwa kidogo waliogopa pale watu walipokuwa hatarini. Wale wadogo kabisa waliogopa zaidi pale mwokozi alipogeuka. Kwao sura ndiyo habari yote. Jitu linatisha hata likiwa limekuja kusaidia, na mtu mwovu mwenye sura nzuri anaweza kupita mbele yao bila kuwashtua.

Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini maneno yangu hayakuwa yakisaidia. Nilikuwa nikimwambia, "Hii si kweli, baba, ni michoro tu." Kwa mtoto wa miaka minne maneno hayo hayana pa kushika. Kinachomtuliza ni mwili: paja la kukalia, mkono wa kushika, blanketi, taa kuwashwa. Maelezo huanza kufanya kazi mtoto akikaribia miaka saba au minane. Na hapo ndipo hofu yenyewe inapogeuka. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, majitu hayakumshughulisha hata kidogo. Yeye alitishwa na taarifa ya habari ya moto uliounguza nyumba, kwa sababu alijua nyumba huungua kweli. Kwake yeye "si kweli" ingekuwa uongo mtupu. Tulilazimika kukaa naye, tukazungumza kuhusu milango ya nyumba yetu, wapi atatokea, nani atamshika mdogo wake. Alilala baada ya kujua njia ya kutokea. Nyumba moja, runinga moja, na watoto wawili wanaoogopa vitu viwili visivyofanana: alama gani ingeweza kunieleza hayo?

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni "mafunzo" ya vipindi vya watoto.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kipindi chenye funzo jema mwishoni ni kipindi kizuri. Kisha nikasoma utafiti wa Marie-Louise Mares na Emily Acosta wa mwaka 2008, nikaurudia mara mbili. Waliwaonyesha watoto wa takriban miaka mitano kipindi cha katuni ya mbwa mmoja mkubwa mwekundu. Katika kipindi hicho anakuja mbwa mgeni mwenye miguu mitatu. Wenzake wanamwogopa, wanamkwepa, wanadhani wataambukizwa ulemavu wake. Mwishoni wanajifunza kwamba yeye ni mbwa kama wao, na urafiki unaanza. Mtu mzima anajua hapo hapo kwamba funzo ni kuwakubali watu wenye ulemavu. Watoto walipoulizwa, wengi hawakulivusha funzo hilo kutoka kwa mbwa hadi kwa watu. Waliolipata kwa kiasi fulani waliona linahusu kuwatendea wema mbwa wa miguu mitatu. Wengine walichokishika sana ni ile hofu ya kuambukizwa.

Hebu tuhesabu dakika. Hadithi kama hiyo hutumia sehemu kubwa ya muda wake kuonyesha kubaguliwa, kutaniwa, kukimbiwa. Suluhu huja mwishoni, kwa haraka, pengine kwa sentensi moja na wimbo. Sisi tuliokomaa tunasoma hadithi kuanzia mwisho kurudi nyuma, tunajua kwamba yale ya mwanzo yamefutwa. Mtoto wa miaka mitano hafuti. Kila tukio analichukua lenyewe, na lililorudiwa mara nyingi ndilo analolibeba. Jamie Ostrov na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo yaliyowashangaza hata wao: miongoni mwa watoto wa chekechea, kutazama vipindi vya kuelimisha kulihusiana na ule ukorofi usiotumia ngumi, kama kumwambia mwenzako "hutakuja kwenye sikukuu yangu", kumtenga, kumgeuza rafiki. Maelezo waliyoyapendekeza ni haya haya: ugomvi unachukua muda mrefu na patano linachukua muda mfupi.

Nililiona jambo hili nyumbani kabla sijasoma popote. Kulikuwa na kipindi cha madada wawili ambacho binti yangu alikipenda. Kila mara walitupiana maneno ya kejeli, wakanyang'anyana vitu, wakasingiziana, kisha wakakumbatiana. Nilikisifu kwa wazazi wenzangu, nikasema kinafundisha upendo wa ndugu. Wiki ya tatu binti yangu alianza kumjibu mdogo wake kwa ile ile sauti ya kuvuta ya dada mkubwa wa kwenye kipindi, na macho akiyazungusha vile vile. Kukumbatiana hakukuigwa hata mara moja. Nilipomuuliza kipindi kinahusu nini, alifikiri, akasema: "Kinahusu dada mmoja ambaye ana mdogo wake anayemsumbua."

Alikuwa amekielewa vizuri kabisa. Ndivyo kilivyokuwa, kwa dakika kumi na nane kati ya ishirini.

Kwa hiyo siku hizi swali ninalouliza kuhusu kipindi ni hili: wakikosana, kupatana kwao kunaonyeshwaje? Je, tunamwona mhusika akiona aibu, akitafuta la kusema, akikosea kuomba radhi na kujaribu tena? Vipindi vya namna hiyo vipo, na ninavithamini kuliko dhahabu. Mara nyingi ni vya polepole, havina hata mtu mwovu, na ukivitazama kwa dakika mbili unaweza kuviona vinachosha. Vumilia. Muulize mtoto kinahusu nini, kisha nyamaza umsikilize. Swali hilo moja limenifundisha zaidi ya maelezo yote yaliyoandikwa kwenye majalada ya filamu.

Kuhusu kasi, najua wazazi wanabishana sana. Angeline Lillard na Jennifer Peterson, mwaka 2011, waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama katuni yenye kasi kubwa kwa dakika tisa, lingine likatazama kipindi tulivu, la tatu likachora. Mara tu baada ya hapo, watoto wa katuni ile ya kasi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kusubiri, kukumbuka na kutulia. Utafiti huo ulipima dakika zile zile za baada ya kutazama, haukusema lolote kuhusu maisha ya mtoto ya baadaye, na watu wengi wameukuza kupita ulivyo. Lillard mwenyewe aliendelea kuchunguza, na mwaka 2015 yeye na wenzake walieleza kwamba tatizo linaonekana kuwa yale mambo yasiyowezekana kimaumbile, yanayofuatana bila kumpa mtoto nafasi ya kuyaelewa, kuliko kasi yenyewe. Mimi ninachukua kilicho wazi: sipangi katuni ya vurumai kabla ya jambo linalohitaji utulivu, kama kulala au kazi ya shule. Wakati mwingine waitazame, wacheke, waruke juu ya makochi.

Kuna sifa moja ambayo wazazi huipa filamu, nami niliitoa mara nyingi: "Anaipenda sana, hata hageuki." Mtoto amekodoa macho, mdomo wazi, ukimwita hasikii. Tunaona hicho ni kipimo cha ubora. Daniel Anderson, aliyechunguza watoto mbele ya runinga kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alionyesha picha nyingine. Yeye na wenzake waliwaweka watoto wa miaka mitano mbele ya kipindi, baadhi wakiwa na vitu vya kuchezea chumbani na wengine bila. Wenye vitu vya kuchezea waliitazama skrini kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Walipoulizwa maswali, wakawa wameelewa sawa sawa. Walikuwa wakisikiliza huku wakicheza, na kuinua macho pale palipokuwa na la kuona. Mtoto mwenye afya ya kutazama huinuka, huuliza, huongea na wahusika, huleta mdoli wake naye atazame. Leo nikiona ukimya wa kupitiliza ninajisogeza karibu, ninauliza jambo dogo, nione kama kuna mtu ndani.

Anderson huyo huyo alishiriki kukishauri kipindi cha Blue's Clues kilichoanza 1996, ambapo mtangazaji huuliza swali kisha hunyamaza kabisa, akimsubiri mtoto aliye sebuleni ajibu. Kila kipindi kilirushwa siku tano mfululizo kama kilivyo. Niliposoma hilo nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nimemkatalia mwanangu mara nyingi kurudia filamu ile ile. "Tazama nyingine, hii unaijua yote." Lakini mtoto mdogo haimalizi hadithi kwa kuitazama mara moja. Mara ya kwanza anaona rangi na sauti. Mara ya tatu anaanza kujua nini kitafuata. Mara ya sita anajua kwa nini. Na kujua kinachokuja humpa uwezo juu ya kile kilichomtisha. Sasa, akitaka mara ya kumi, ninaiweka mara ya kumi.

Kuhusu saa za kutazama nitasema kidogo, kwa kuwa yamesemwa sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wachanga ninakubaliana nao bila kusita. Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, waliwakutanisha watoto wa miezi tisa wa Marekani na watu waliozungumza nao Kichina, wakawasomea na kucheza nao. Watoto hao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Kundi lingine lilipewa watu wale wale, maneno yale yale, kwa video. Hawakujifunza kitu. Mtoto mchanga anajifunza kwa mtu anayemtazama machoni naye akamtazama.

Lakini kwa waliokwisha kukua kidogo, nyumbani kwetu vita havikuwa juu ya saa. Vilikuwa juu ya mwisho. Filamu ina mwisho, hata wimbo wa mwisho unamwambia mtoto kwamba tumefika. Ile orodha ya video inayojicheza yenyewe haina mwisho. Video moja haijapoa nyingine imeshaanza, na mzazi anayezima anazima katikati ya jambo kila siku, kila mara anakuwa mkatili. Nilijaribu kuwapa tahadhari: "Bado dakika mbili." Nilidhani ni heshima. Vilio vikazidi. Baadaye nikakuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Alexis Hiniker na wenzake, walichapisha jambo hili mwaka 2016. Katika familia walizozifuatilia, tahadhari ya dakika mbili ilihusishwa na kuachana kugumu zaidi na skrini, na mambo yalikuwa mepesi pale kipindi kilipofika mwisho wake chenyewe. Tukafunga ile namna ya kujicheza. Tukaanza kuhesabu kwa vipindi, si kwa dakika: "Leo ni viwili." Kikiisha cha pili binti yangu mwenyewe ndiye anayebonyeza rimoti. Vilio havikuisha siku ile, ila katika wiki chache vilipungua mpaka nikawa nasahau kwamba vilikuwepo.

Na kuna runinga ambayo hakuna anayeitazama, ile inayowashwa asubuhi na kubaki inaongea peke yake. Marie Schmidt, Anderson na wenzao mwaka 2008 waliwaangalia watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wakicheza huku runinga ikionyesha kipindi cha watu wazima kisichowahusu. Watoto waliitupia macho mara chache tu. Hata hivyo michezo yao ilikuwa mifupi zaidi, na umakini ulikatika upesi. Kazi nyingine ya timu hiyo ilionyesha kwamba wazazi nao huongea na watoto wao kidogo zaidi runinga ikiwa imewashwa pembeni. Nilizima ya kwetu. Simu yangu ndiyo ilinishinda kwa muda mrefu. Nilikuwa nakaa nao kutazama filamu huku kidole changu kikipanda na kushuka kwenye simu, na nilijihesabia kuwa tumetazama pamoja. Siku moja mwanangu alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye runinga. Hakusema kitu. Simu sasa hukaa chumbani filamu ikianza.

Kutazama pamoja kwa kweli ni kazi. Waliobuni Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani kilichoanza Novemba 1969, waliingiza kwa makusudi utani wa watu wazima na wageni mashuhuri ili mzazi avutwe akae, kwa kuwa walijua mtoto hupata zaidi mtu mzima akiwa pembeni. Siwapi watoto mahubiri katikati ya hadithi, na mzazi anayesimamisha filamu kila dakika kufundisha anaiua. Ninasema machache. "Amekasirika, eh?" "Unadhani atarudi?" Halafu tunaendelea. Mazungumzo makubwa hutokea wakati mwingine kabisa, siku mbili baadaye, njiani, tukifunga kamba za viatu.

Mwezi uliopita mwanangu, ambaye sasa ana miaka sita, aliiomba ile filamu ya wanyama. Niliduwaa. Sikuwa nimeitaja tangu zile siku, nikidhani ameisahau. Nikamuuliza kama anakumbuka ile sehemu ya giza. Akasema anakumbuka, na kwamba ndiyo anayotaka kuiona. Tuliitazama yeye akiwa katikati yetu, mimi upande mmoja na dada yake upande wa pili. Ilipofika pale, alinishika mkono, hakufumba macho. Dada yake alitaka kumwambia kwamba mama anarudi mwishoni, yeye akamzuia: "Najua. Usiseme."

Kesho yake nilimkuta sebuleni amefunga mapazia yote, amejificha nyuma ya kochi na shuka juu ya kichwa. Akaniambia mimi ni mama, nikasimame mbali, kule mlangoni, na nisije mpaka aniite.

"Mara ya kwanza usiitike," alisema. "Mara ya pili ndiyo uitike."

Nikaenda kusimama mlangoni. Akaita, nikanyamaza. Kukawa kimya kwa muda nilioona ni mrefu sana, nami nikajizuia nisimkimbilie. Kisha akaita tena.